Kwa nini somo la Historia si mteremko wanavyodhani wengi

MWANZONI mwa mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na shule za sekondari pevu, na katika nyumba nyingi za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori swali lilikuwa moja: mtoto achukue mkondo upi? Katika mipango yake, serikali ilikadiria kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wangefuata Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, asilimia 25 Sayansi ya Jamii, na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Wazazi wengi walizisoma takwimu hizo kana kwamba ni orodha ya heshima: wenye akili kwanza, wengine baadaye. Ndipo Historia na Uraia, mojawapo ya masomo ya kuchagua katika mkondo wa Sayansi ya Jamii, likaonekana kuwa kichaka cha kumsitiri mtoto aliyeshindwa na hisabati.

Hilo ni kosa, na anayelilipia ni mtoto mwenyewe. Historia inapofundishwa kwa kiwango cha kumwandaa mwanafunzi kwenda chuo kikuu huwa ni somo zito. Isitoshe, uzito wake hauko pale ambapo wengi hudhani upo. Tarehe na majina ya watawala ni sehemu nyepesi ya mzigo huo. Kinachoelemea ni kusoma kwa wingi, kupima ushahidi unaokinzana, na kuandika hoja ambayo haitayumba mbele ya msomaji mwenye maoni tofauti.

Tuanze na mfumo tunaoufahamu. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 wanatarajiwa mwaka 2027, na kwao somo bado linaitwa Historia na Serikali. Mtihani wake una karatasi mbili. Ya kwanza inahusu Kenya na serikali yake. Ya pili inahusu Afrika na ulimwengu mzima: binadamu wa kale, chimbuko la kilimo, biashara iliyovuka jangwa la Sahara na ile ya watumwa kupitia Atlantiki, Buganda, Asante na Washona, kuvamiwa kwa bara letu, vita viwili vya dunia, Vita Baridi, Umoja wa Mataifa, hadi namna serikali za Uingereza, Marekani na India zinavyoendeshwa. Mtoto wa miaka 17 anatarajiwa kuyabeba yote hayo pamoja na masomo mengine yasiyopungua sita.

Kila karatasi hufanywa kwa saa mbili na nusu na ina alama 100. Sehemu ya kwanza ni maswali mafupi mafupi yenye jumla ya alama 25. Sehemu ya pili ina maswali manne, mtahiniwa akichagua matatu. Ya tatu ina maswali matatu, naye huchagua mawili. Kila swali katika sehemu hizo mbili lina alama 15. Ukipiga hesabu, mtahiniwa ana dakika moja na nusu kwa kila alama, hivyo swali zima la alama 15 halipaswi kumchukua zaidi ya dakika 22 na nusu.

Swali lenyewe mara nyingi hugawika sehemu mbili: taja mambo matatu, alama tatu, kisha eleza mambo sita, alama 12. Maana yake ni kwamba kila hoja iliyoelezwa ina thamani ya alama mbili. Mwanafunzi mwerevu hung'amua mapema kuwa mtihani unahesabu hoja. Akizijua sababu sita na matokeo sita ya kila tukio, amesalimika. Ndiyo maana mabweni yamejaa vijitabu vya muhtasari vilivyochakaa, ambavyo havina lolote ila orodha. Simlaumu mwalimu. Silabasi ni ndefu, madarasa yamefurika, na mwisho wa mwaka shule hupimwa kwa wastani wa gredi.

Hata hivyo, orodha hiyo hiyo ndiyo humwangusha kijana akifika chuoni. Pale anaulizwa swali la namna nyingine kabisa: je, ni sahihi kudai kwamba Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoangusha ukoloni Afrika? Haambiwi ataje sababu ngapi. Anatakiwa kuchukua msimamo, kuutetea kwa ushahidi, kukiri pale ambapo upande wa pili una nguvu, kisha kueleza kwa nini bado hajabadili mawazo. Aliyezoea orodha huleta sababu sita zilizopangwa kama matofali yasiyotiwa saruji. Hakuna hata moja iliyo ya uongo, lakini hazijengi nyumba. Kwa miaka yote ambayo nimeketi kwenye meza ya uhariri nimepokea maandishi ya namna hiyo kutoka kwa watu wenye shahada, na kila mara nimejua yalikoanzia.

Zamani palikuwa na daraja kati ya viwango hivyo viwili. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, mwanafunzi alimaliza kidato cha nne kisha, akibahatika, akaendelea na vidato vya tano na sita, akasoma masomo matatu makuu tu. Kundi la mwisho lilifanya mtihani wa KACE mwaka 1989, mwaka ule ule KCSE ilipofanywa kwa mara ya kwanza. Mwandishi wa makala haya alikuwa katika kundi hilo.

Mtihani wa Historia ulikuwa insha nne kwa saa tatu, dakika 45 kwa kila moja. Darasani kwetu kitabu cha *Zamani*, kilichohaririwa na Bethwell Ogot na J.A. Kieran na kutolewa mwaka 1968, kilikuwa nakala mbili kwa wanafunzi zaidi ya ishirini. Tulikipigia kura. Aliyepata zamu ya saa nne usiku alikisoma kwa mwanga wa kurunzi na kukirudisha kabla ya gwaride la asubuhi. Insha yangu ya kwanza ilirejeshwa bila alama yoyote, mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hii ni orodha ya mtu anayekwenda sokoni. Wewe unasemaje?" Nilikasirika kwa wiki nzima, kisha nikaiandika upya.

Nisieleweke kwamba ninazililia enzi hizo. Nafasi za kidato cha tano zilikuwa chache mno, na wengi waliokuwa na uwezo waliachwa nje, hasa wasichana. Lakini daraja hilo lilipoondolewa halikujengwa jingine, na kazi yote ya kumfundisha kijana kujenga hoja ilisukumwa kwa wahadhiri wa mwaka wa kwanza.

Majirani zetu hawakuliondoa. Uganda ingali na vidato vya tano na sita. Tanzania nayo ina michepuo kama HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, au HKL, ambapo Kiswahili huchukua nafasi ya Jiografia. Mtihani wa Historia wa kidato cha sita Tanzania una karatasi mbili. Moja inahusu Afrika na Waafrika walio ughaibuni, nyingine inahusu dunia. Zote mbili hujibiwa kwa insha.

Wasomaji wenye jamaa Marekani huenda wamesikia kuhusu mpango wa Advanced Placement, ambao huwawezesha wanafunzi wa shule za upili kusoma masomo ya kiwango cha chuo kikuu wakiwa bado shuleni. Historia ya Dunia ilianza kutahiniwa katika mpango huo mwaka 2002, na siku hizi inaanzia takriban mwaka 1200 hadi sasa. Mtihani huchukua saa tatu na robo. Kuna maswali 55 ya kuchagua jibu, maswali matatu ya majibu mafupi, insha moja ndefu, na insha nyingine ambayo ndiyo hasa inayotuhusu hapa. Mwanafunzi hupewa nyaraka saba ambazo huenda hajawahi kuziona: barua ya afisa, hotuba, picha, jedwali la bidhaa. Ana saa moja, na robo saa ya kwanza ni ya kusoma. Anatakiwa kujenga hoja kutokana na nyaraka hizo, aeleze nani aliandika, kwa ajili ya nani na kwa lengo gani, kisha aongeze ushahidi ambao haumo humo. Insha hiyo peke yake ina robo ya alama zote.

Je, kijana wa Kondele au Nyalenda anaweza kufanya kazi ya namna hiyo? Anaweza, tena bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Chukua mada ya Vita Baridi, iliyomo katika silabasi ya kidato cha nne. Katika vijitabu vya muhtasari, Vita Baridi ni jambo la Berlin, Korea na Cuba. Mwanafunzi wa Kisumu huikariri mada hiyo huku akipita kila siku karibu na hospitali ambayo wazee bado wanaiita "Russia".

Hospitali hiyo, ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Jaramogi, aliyezaliwa Bondo, alikuwa na uhusiano wa karibu na nchi za kambi ya Mashariki na aliwasaidia vijana wengi kwenda kusoma huko. Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, alielekea Magharibi; ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani kuanzia mwaka 1959 zinakumbukwa kwa jina lake. Wana wawili wa ziwa moja, na kila mmoja na mlango wake katika mvutano wa mataifa makubwa. Odinga alijiuzulu umakamu wa rais mwaka 1966 na kuongoza chama cha KPU. Mboya aliuawa kwa risasi jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 25, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kuifungua hospitali hiyo. Maneno makali yalirushwa kati yake na Odinga mbele ya umati, ghasia zikazuka, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitangaza kwamba watu 11 walikufa. Wakazi na watafiti wametaja idadi kubwa zaidi. Kabla ya mwezi huo kwisha KPU ilikuwa imepigwa marufuku na Odinga kuwekwa kizuizini.

Sasa mwalimu anaweza kuuliza: je, tukio la Kisumu lilikuwa sehemu ya Vita Baridi, au lilikuwa ugomvi wa Wakenya wenyewe kuhusu ardhi, mamlaka na kifo cha Mboya, uliovaa tu koti la Vita Baridi? Swali hilo halina jibu la alama mbili mbili. Mwanafunzi atahitaji taarifa ya serikali ya wakati huo, kurasa za magazeti, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa mwaka 2013, na masimulizi ya waliokuwapo. Ataona kwamba vyanzo hivyo havikubaliani hata kuhusu idadi ya waliokufa. Atalazimika kueleza ni kipi anakiamini zaidi, na kwa nini. Atajifunza pia jambo gumu kwa kijana yeyote: kwamba babu yake anaweza kuwa shahidi mkweli na bado akawa hakuona kila kitu.

Huo ndio mzigo ninaouzungumzia. Somo kama hilo haliwezi kumalizwa kwa kipindi kimoja.

Reli nayo inafaa. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anajua kwamba ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, kwenye bandari iliyoitwa Port Florence, Desemba 1901. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini Reli ya "Uganda" iliishia Kisumu, ambayo iko Kenya. Jibu ni kwamba wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda. Eneo hili lilikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa himaya hiyo hadi mwaka 1902, Waingereza walipohamisha mpaka na kuliingiza katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Mwanafunzi aliyelielewa hilo ameelewa kuhusu mipaka ya Afrika jambo ambalo "matokeo sita ya Mkutano wa Berlin" hayatamfunza hata akiyarudia mara mia. Kutoka hapo anaweza kuusoma mkutano wa Piny Owacho uliofanyika Lundha, Gem, Desemba 1921, akaulinganisha na malalamiko ya watu waliotawaliwa kwingineko baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia Misri hadi India.

Kuna hili pia, ambalo watu wa ziwa wana haki ya kujivunia. Profesa Bethwell Allan Ogot, mzaliwa wa Gem na mwanafunzi wa zamani wa Maseno, alipoanza utafiti wake wa shahada ya uzamifu, wasomi wengi wa Ulaya waliamini kuwa jamii zisizokuwa na maandishi hazina historia. Ogot alizunguka kwa wazee akikusanya masimulizi, akayalinganisha ukoo kwa ukoo na kizazi kwa kizazi, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake kuhusu Waluo wa kusini. Baadaye alikuwa mhariri wa juzuu ya tano ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, yenye juzuu nane. Alifariki Januari 2025. Kazi yake inaonyesha kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi, ilmradi yapimwe kwa ukali ule ule tunaoutumia kupima barua ya gavana.

Tuje kwenye mambo ya kila siku, kwa sababu mzazi anataka kujua mtoto wake atafanya nini jioni. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayelichukua somo hili kwa dhati asome kati ya kurasa 30 na 50 kwa wiki nje ya darasa, na aandike insha kamili moja kila baada ya wiki mbili. Insha iandikwe mara mbili: ya kwanza isahihishwe, ya pili irekebishwe. Kusoma kwenyewe kuwe kwa kalamu mkononi. Baada ya kila sura, mwanafunzi afunge kitabu na kuandika kwa sentensi tatu mwandishi anadai nini, ana ushahidi gani, na amekwepa nini. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu zaidi.

Lugha ni sehemu ya mzigo ambayo watunga sera huipita kimyakimya. Mtoto wa hapa huzungumza Dholuo nyumbani, Kiswahili sokoni Kibuye, na Kiingereza katika karatasi ya mtihani wa Historia. Mara nyingi hoja anayo, lakini humponyoka anapoitafutia maneno. Nimewahi kuwashauri vijana wa jamaa zangu wajadiliane kwanza kwa lugha wanayoimudu, wagombane hata, kisha ndipo waketi kuandika. Walimu wengine hawapendi mbinu hiyo. Mimi sijaona njia bora zaidi.

Vitabu ni tatizo, lakini mji huu haujakosa pa kuanzia. Kuna maktaba ya umma, kuna Makavazi ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980 pamoja na boma lake la Kiluo, na nje ya mji kuna Thimlich Ohinga, ngome ya mawe katika Kaunti ya Migori iliyoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2018. Kaburi la Mboya liko Rusinga, na kaburi la Jaramogi liko Nyamira Kang'o, Bondo. Ziara ya siku moja, ikitanguliwa na maswali yaliyoandikwa, ina faida kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni. Ziara isiyo na maswali ni matembezi tu.

Wazazi huniuliza Historia itampatia mtoto kazi gani. Mawakili, mahakimu, mabalozi, walimu na wanahabari wengi walipitia humo, lakini sitamdanganya mtu kwamba somo lenyewe linagawa kazi. Swali la kuulizwa kabla ya kujaza fomu ni jingine: je, mtoto huyu anapenda kusoma, na anavumilia kuambiwa aandike upya? Kama jawabu ni la, asipelekwe Historia eti kwa sababu amefeli fizikia. Atafeli mara ya pili.

Kama jawabu ni ndiyo, aanze mapema, na asianzie kitabuni. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 siku ile risasi zilipofyatuliwa Kisumu sasa amepita miaka 70. Wengi wa wazee hao bado wako mitaani humu na katika vijiji vya kando ya ziwa, na wengine hawajawahi kuulizwa. Mwanafunzi aende na daftari, aandike tarehe ya mazungumzo na mahali mzee alipokuwa amesimama siku hiyo, amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akamtafute mzee wa pili.